Usitoe Hukumu kwa Doa Moja

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Mhubiri: Mchungaji Msaidizi
Masomo: Mambo ya Walawi 13:1-8, Kumbukumbu la Torati 19:15-18, Mathayo 8:1-4



Kama hukufika Jumapili iliyopita, ama ulifika lakini ulikuwa nje ukibembeleza mtoto, huu ndio ujumbe tuliopokea. Nimeuandika karibu vile nilivyouhubiri, na nimeongeza mambo machache ambayo muda haukuturuhusu. Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako Walawi 13. Najua ni mahali ambapo wengi wetu huwa tunaparuka. Mwezi wa kwanza tunaanza mpango wa kusoma Biblia kwa mwaka mzima, tunapita Mwanzo na Kutoka kwa nguvu, tukifika kwa sheria za madoa na upele tunahamia Zaburi. Leo tukae hapo kidogo, kwa sababu kuna watu wamenijia na swali, na jibu nimelikuta kwenye sura hiyo.

Swali lenyewe ni hili. Kwa miezi michache sasa, washirika wamekuwa wakija ofisini na karatasi za maabara. Majibu wanayo, tena wanayo mawili, na hayo mawili hayaelewani. Maabara ya kwanza imesema hivi, ya pili imesema vile. Wananiuliza, "Pasta, tuamini gani?" Karatasi nyingi ni za mzio, ile tunaita aleji. Hilo halinishangazi. Ukiishi huku Eastlands, kati ya vumbi la barabara, moshi wa majiko, mende kwenye kabati na nyumba za chini ambazo hazioni jua, ni nadra kupata ploti ambayo haina mtoto anayejikuna ama anayekohoa usiku.

Kwa hivyo tuulize: mtu wa Mungu afanye nini vipimo vikipingana?

1. Kuhani hakuharakisha

Angalia utaratibu Mungu aliompa Musa na Haruni. Mtu akiwa na uvimbe, upele ama doa kwenye ngozi, aletwe kwa kuhani. Kuhani anatazama. Lakini haambiwi atoe hukumu kwa sababu ameona doa. Mstari wa 3 unamtaka atafute dalili mbili zikiwa pamoja: nywele za pale ziwe zimegeuka nyeupe, na doa lionekane limeingia ndani kuliko ngozi. Doa peke yake halikutosha kumfanya mtu najisi.

Sasa kama dalili hazijakamilika? Mstari wa 4 na wa 5: mtu anatengwa siku 7, halafu kuhani anatazama tena. Kama bado haieleweki, siku 7 nyingine. Jumla ni siku 14 ambazo mtumishi wa Mungu, aliyepakwa mafuta na kuvaa mavazi matakatifu, anasema kwa maneno mengine, "Bado sijajua." Ikifika mara ya pili na doa limefifia wala halijaenea, anamtangaza kuwa safi. Ilikuwa upele tu. Anafua nguo zake, anarudi kwao. Na mstari wa 7 unaongeza kwamba upele ukienea baadaye, arudi atazamwe upya.

Fikiria uzito wa jambo hili. Kuhani akikosea upande mmoja, mtu mzima anatupwa nje ya kambi, mbali na mke na watoto, kwa sababu ya upele. Akikosea upande wa pili, ugonjwa unabaki ndani ya kambi. Makosa yote mawili yanaumiza watu. Ndiyo maana Mungu hakuruhusu haraka. Wapendwa, kungoja na kutazama tena kulikuwa agizo la Mungu. Usiruhusu mtu akuambie kwamba kurudia kipimo ni kukosa imani.

2. Karatasi mbili za mama mmoja

Kuna mama wa kanisa letu aliyenipa ruhusa niseme habari yake, bila jina wala mtaa. Ana mtoto wa kiume wa miaka 4. Siku moja mtoto alipewa njugu na jirani. Dakika chache tu, midomo ikavimba, mwili ukatoka vipele vikubwa, akaanza kupumua kwa shida. Walimkimbiza na boda hadi hospitali, akadungwa sindano, akapata nafuu. Mungu ni mwema.

Baada ya hapo mtu wa ukoo akamwelekeza mahali ambapo wanatoa damu na kukupa orodha nzima ya vitu ambavyo mwili haupendi. Pesa ilitoka kwa chama. Karatasi ilirudi imejaa rangi nyekundu: mayai, maziwa, ngano, maharagwe, ndizi, samaki, njugu, na vingine, zaidi ya vyakula 30. Yule mama ni mtiifu. Akaondoa vyote. Kwa miezi mitatu mtoto akawa ni wa ugali na sukuma wiki, wali na sukuma wiki. Nguo zikaanza kumlegea. Kwa kliniki, ule mstari wa uzito kwenye kijitabu ukaacha kupanda.

Akashtuka, akampeleka kwingine. Huko wakafanya kipimo cha ngozi, wakasema mtoto hana mzio wa kitu chochote, hata njugu.

Sasa nyumba ikagawanyika. Baba akasema ya kwanza ndiyo kweli kwa sababu ilikuwa bei ghali. Shosho akasema wapuuze zote, yeye amelea watoto tisa na njugu. Dada mmoja wa ushirika, kwa upendo kabisa, akasema, "Mungu amemponya! Mpe njugu Jumapili mbele ya kanisa, utoe ushuhuda."

Mama akaja kwangu na karatasi zote mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Akaziweka mezani, akaniambia, "Pasta, niambie ni gani ya Mungu."

Nikamwambia, "Mama, mimi si daktari. Lakini njugu usimpe. Na usichome karatasi hata moja. Tutafute mtu anayejua kuzisoma zote mbili." Tukaomba, akatafuta rufaa kwa daktari wa watoto anayeelewa mambo ya mzio, na siku ya miadi nikawasindikiza.

Yule daktari alinifundisha Walawi 13 bila kujua. Alizichukua zile karatasi, akazigeuza chini juu ya meza, akasema, "Mama, niambie kwanza ile siku." Alikula nini? Kiasi gani? Zilipita dakika ngapi? Ulianza kuona nini? Mayai alikuwa anakula kabla ya hapo? Akila anafanya nini? Maziwa je? Chapati je? Karibu nusu saa ilikuwa maswali tu. Ndipo akageuza karatasi.

Ya kwanza, alisema, haikupima mzio hata kidogo. Ya pili ilipima kitu sahihi, lakini mtoto alikuwa na mafua na alipewa Piriton mpaka usiku wa kuamkia siku ile, na hakuna mtu aliyeuliza. Piriton hunyamazisha ngozi. Hivyo karatasi zote mbili zilikuwa zimepotosha, kila moja kwa njia yake. Ya kwanza ilitaja njugu, ni kweli, lakini ilitaja karibu kila kitu. Mtu akishtaki mtaa mzima, hawezi kukosa kumtaja mwizi.

Mtoto alirudi baadaye, bila dawa hiyo mwilini, akapimwa upya. Ngozi ikaitika kwa njugu, kama ile siku ya jirani ilivyosema. Mayai, maziwa, ngano na vile vingine ambavyo alikuwa akila tangu aachishwe ziwa bila shida vilirudishwa kimoja kimoja, kwa mpango wa daktari. Leo ule mstari kwenye kijitabu unapanda.

3. Maswali matatu ya mhasibu

Nilisomea biashara kabla Bwana hajaniita, na kuna kazi moja ndogo tuliyofundishwa ambayo imenisaidia sana katika huduma: kulinganisha daftari la pesa na taarifa ya benki. Mara nyingi hazikubaliani. Mhasibu mzuri hachani moja akakumbatia nyingine, na hamfukuzi keshia siku hiyo. Anauliza: hizi zinahesabu kitu kimoja? Ni za tarehe moja? Ni nini kilitokea katikati? Nyinyi wenye maduka ya M-Pesa mnajua. Jioni keshi na floti zisipolingana na mtaji, hupigi mtu kelele kwanza. Unatafuta. Tutumie maswali hayo kwa vipimo.

Swali la kwanza: kimepimwa nini? Mwili una kingamwili za aina nyingi. Ile inayohusika na mzio wa haraka, wa kuvimba na kushindwa kupumua, inaitwa IgE. Iko nyingine inaitwa IgG, na kwa upande wa chakula hii mara nyingi inaonyesha tu kwamba umekula chakula hicho na mwili unakijua. Ukimpima mtoto anayekunywa maziwa kila asubuhi, bila shaka maziwa yatatokea. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa mzio cha Ulaya kilitoa msimamo kwamba vipimo vya IgG visitumiwe kutambua mzio wa chakula, na wenzao wa Marekani wakasema vivyo hivyo. Bado vinauzwa. Kumbuka Yoshua 9. Wagibeoni walionyesha mkate mkavu na viatu vilivyochakaa. Mkate ulikuwa mkavu kweli. Hadithi iliyofungwa pamoja na ule mkate ndiyo ilikuwa ya uongo, na wazee wa Israeli walionja chakula lakini hawakuuliza shauri la Bwana. Karatasi inaweza kuwa na namba ya kweli na maana ya uongo.

Swali la pili: kimepimwa lini na katika hali gani? Kipimo cha ngozi ni rahisi kukieleza. Wanaweka matone kwenye mkono ama mgongo, wanadunga kidogo kupitia kila tone, wanangoja dakika 15 hadi 20. Kuna tone la histamini, ambalo linapaswa kuvimbisha kila mtu, na tone la maji ya chumvi, ambalo halipaswi kumvimbisha yeyote. Matone hayo mawili ndiyo mizani ya kupima mizani. Kama tone la histamini halijavimba, ngozi imenyamazishwa na kipimo chote hakifai. Dawa kama cetirizine huhitaji kuachwa siku kadhaa kabla, kwa maelekezo ya daktari. Mithali 11:1 inasema wazi vile Bwana anavyoona mizani ya udanganyifu. Ukienda sokoni Wakulima huwa unaangalia kama mizani imeanza kwa sifuri. Basi angalia na huku.

Swali la tatu: ni nini kingine kinaweza kuleta jibu hili? Hapa ndipo Afrika ina habari yake. IgE iliwekwa mwilini, pamoja na mambo mengine, kupigana na minyoo. Mtoto mwenye minyoo anaweza kuwa na IgE nyingi sana katika damu bila kuwa na mzio wa chakula. Nchini Ghana watafiti walipima watoto wa shule wakakuta wengi wana IgE dhidi ya njugu katika damu, lakini wachache sana ngozi yao iliitika, na njugu walikuwa wanakula kama kawaida. Sababu mojawapo ilikuwa kichocho: kingamwili iliyotengenezwa kupigana na kichocho ilikuwa inafanana na inayoshika njugu. Serikali yetu ilianza mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni mwaka 2012 kwa sababu minyoo ni shida ya kweli hapa kwetu. Basi mzazi wa Dandora ama Kayole akisoma karatasi ya IgE, ni vizuri aulize na habari ya minyoo.

Na kuna wale mende. Protini moja iliyo ndani ya mende na ya wadudu wadogo wa vumbi inafanana sana na iliyo ndani ya kamba wa baharini. Mtoto wa Umoja ambaye hajawahi kuona kamba hata kwa picha anaweza kupimwa akaambiwa ana mzio wa kamba, kumbe mwili wake umezoea kupigana na mende. Hata taifodi tunaijua. Kipimo cha Widal kimekuwepo tangu 1896, kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki baada ya ugonjwa kwisha ama huletwa na maambukizi mengine. Ndiyo maana kuna mtu mtaani ambaye kila akipima ana taifodi.

Simaanishi kwamba maabara ni waongo. Nina washirika humu ndani wanaofanya kazi maabara, na ni watu waaminifu. Ninachosema ni kwamba kipimo ni shahidi. Hakimu ni mwingine. Shahidi anasema alichoona. Kazi ya kuuliza maswali na kuunganisha habari ni ya anayehukumu.

4. Mashahidi wawili, na wote waulizwe

Kumbukumbu la Torati 19:15 inakataa mtu kuhukumiwa kwa neno la shahidi mmoja. Wanatakiwa wawili ama watatu. Lakini usiishie hapo, soma mpaka mstari wa 18, ambapo waamuzi wanaagizwa wachunguze kwa bidii. Nabothi alikuwa na mashahidi wawili, wote wakakubaliana, na akauawa bila hatia. Soma 1 Wafalme 21. Kwa hivyo wingi peke yake hausaidii. Ukirudia kipimo kile kile kibovu mara tatu, hujapata mashahidi watatu. Ni shahidi mmoja amerudia maneno yake mara tatu.

Katika mzio, shahidi wa kwanza ni yale yaliyotokea mwilini: mtoto alikula nini na mwili ukafanya nini. Shahidi wa pili ni kipimo kinachofaa, kilichofanywa vizuri. Hao wawili wakikubaliana, unaweza kusimama. Wakikataana, kuna njia ya tatu: mgonjwa analishwa kile chakula kidogo kidogo hospitalini, daktari akiwa hapo na dawa ziko tayari. Hicho ndicho kipimo ambacho madaktari hukiamini kuliko vyote. Nasema hospitalini. Hicho hakifanywi jikoni kwako, na hakifanywi madhabahuni.

5. Kuhusu "ripoti ya nani"

Sasa tuzungumze kama familia. Sisi Wapentekoste tunapenda sana Isaya 53:1. Mtu akitoka hospitali na majibu mabaya, tunamuuliza ataamini ripoti ya nani. Lakini soma sura yote. Ripoti anayoizungumzia Isaya ni habari za Mtumishi wa Bwana atakayeteseka kwa ajili yetu. Ni Injili. Ukiigeuza iwe mashindano kati ya Mungu na maabara, umepunguza maana yake, na unaweza kumuumiza mtoto wa mtu.

Mungu anaponya. Nimeona akiponya katika kanisa hili, na nitaendelea kuweka mikono juu ya wagonjwa mpaka nitakapoitwa nyumbani. Lakini angalia Mathayo 8. Yesu alimgusa mwenye ukoma akatakasika mara moja. Hakukuwa na shaka yoyote, aliyeponya ni Mwana wa Mungu mwenyewe. Na bado akamwambia aende ajionyeshe kwa kuhani na kutoa sadaka aliyoagiza Musa. Kuhani gani? Yule yule wa Walawi, mwenye kazi ya kutazama na kutazama tena. Yesu hakuogopa uponyaji wake ukaguliwe. Uponyaji wa kweli hupita ukaguzi.

Halafu angalia Mathayo 4. Ibilisi alimwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu ili aonyeshe kwamba malaika watamshika, tena akamtajia Maandiko. Yesu akakataa kumjaribu Mungu. Kumpa mtoto njugu mbele ya kanisa ili tuone kama ameponywa ni kinara kile kile cha hekalu, tofauti ni kwamba anayetupwa ni mtoto na hakuulizwa.

Kama unaamini Mungu amemponya mwanao, mshukuru, halafu mrudishe kwa daktari apimwe. Hata bila muujiza, mwili hubadilika: watoto wengi wenye mzio wa maziwa na mayai huacha kuwa nao wakikua, na wa njugu ni kama mmoja kati ya watano. Kwa hivyo kutazama tena kuna faida kila upande. Ikionekana hana tena, sisi tutapiga vigelegele na daktari atakuwa shahidi.

Kuna na wale ambao wamebeba jina ambalo si lao. Huko Marekani wamechunguza watu walioandikiwa kwenye faili kwamba wana mzio wa penisilini. Karibu tisa kati ya kumi, wakipimwa vizuri, hukutwa hawana. Labda walitoka vipele utotoni, mtu akaandika, na wakabeba hilo jina miaka 30, wakipewa dawa nyingine za bei kubwa. Katika Walawi, kuhani aliyekutenga ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kukurudisha. Usijifutie jina hilo mwenyewe kwa kumeza dawa nyumbani. Uliza daktari kama unaweza kupimwa.

Wacha niguse jambo moja nipite. Tunafanya hivi hivi kwa watu. Dada ameonekana mara moja mahali fulani, kijana amekosa ibada mbili, tayari tumempa jina. Doa moja. Kama Mungu alimtaka kuhani angoje siku 14 kwa sababu ya ngozi, sisi tumepata wapi haraka hii?

6. Ya kufanya wiki hii

Kwanza, andika kabla hujapima. Nunua daftari la shilingi chache. Andika mtoto alikula nini, saa ngapi, nini kilitokea na baada ya muda gani. Ukipiga picha ya vipele kwa simu, hiyo nayo ni ushahidi. Daktari atakushukuru.

Pili, kabla hujalipa, uliza: hiki ni kipimo cha IgE ama IgG? Na nani atanisomea majibu? Kama hakuna wa kuyasoma pamoja na wewe, rudisha pesa yako mfukoni kwanza.

Tatu, taja dawa zote ulizotumia, hata za duka la kona. Lakini dawa ya pumu usiiache bila daktari kukuambia.

Nne, usimwondolee mtoto vyakula vingi kwa sababu ya karatasi pekee. Mtoto anaweza kuumizwa na mzio, na anaweza kuumizwa na njaa iliyoletwa na hofu ya mzio.

Tano, akivimba midomo ama ulimi, akipumua kwa shida, akilegea ghafla baada ya kula, kimbia hospitali wakati huo huo. Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini, inadungwa kwenye paja. Piriton peke yake haitoshi. Omba ukiwa njiani, usiombe ukiwa umekaa.

Sita ni ya kanisa. Tumekubaliana na walimu wa shule ya Jumapili kwamba njugu hazitagawiwa tena kwa watoto, na kila mzazi atajaza karatasi kuhusu vyakula ambavyo mtoto wake haruhusiwi. Tafadhali usiseme hayo ni mambo ya watu wa Karen. Ni mtoto wetu.

Tuombe

Baba, unayejua mwili wa kila mtoto kabla hujapimwa na mtu yeyote, tunakushukuru. Tunakuombea rehema kwa wazazi wanaolala na karatasi mbili chini ya mto wasijue waamini gani. Wape subira ya kutazama tena. Wape madaktari masikio ya kusikiliza na walio maabara mikono ya uaminifu. Tuponye, na utupe ujasiri wa kwenda kujionyesha. Utusamehe pale tulipomhukumu mtu kwa doa moja. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Katika Walawi 13:1-8, kuhani alitafuta dalili gani mbili? Kwa nini Mungu hakumruhusu aamue kwa moja?
2. Katika Mathayo 8:4, kwa nini unafikiri Yesu alimtuma aliyeponywa kwa kuhani?
3. Je, kuna mtu katika kikundi chenu mwenye majibu yanayopingana? Nani anaweza kumsindikiza hospitalini wiki hii?

Mstari wa kukariri: Kumbukumbu la Torati 19:15.